Upande wa Kushoto wa Uso wa Te Ahiwera

Te Puwhara, 4 Machi 1934

Kwa mdogo wangu Ripeka, huko Wellington.

Baada ya salamu zinazokustahili wewe na wote walio chini ya paa lako, ninakuarifu kwamba sisi tuliobaki hapa tungali hai. Mama anakohoa asubuhi na anakula kidogo. Viazi vitamu tumevichimba na kuvitia shimoni. Robo yake ilikuwa imeoza. Mbwa wa shangazi Keita aligongwa na lori la maziwa. Amepata mwingine na kumpa jina lilelile, ili asijisumbue kulizoea jipya.

Sasa ninaingia katika jambo lenyewe. Kama ujuavyo, tangu mwaka 1919 nimeandika maombi kumi na moja kuhusu Orongomaru, ardhi ya babu yetu mzaa mama, Te Ahiwera, ambayo hati ya mwaka 1876 inadai kwamba aliiuza. Maombi kumi yalijibiwa kwa sentensi moja moja. La kumi na moja, nililoliandika upya mara sita hadi nikaridhika na aya zake, limekubaliwa. Mahakama ya Ardhi itakaa hapa kwetu tarehe 18 Septemba.

Hoja yangu ni moja, nami ninaamini haina ufa. Te Ahiwera hakujua kuandika. Kama walivyofanya wakuu wengi wa zama zake, alitia saini kwa kuichora moko yake mwenyewe, yaani mistari ile iliyochongwa usoni mwake kwa patasi. Hapakuwa na watu wawili wenye mistari sawa; aliyejua kuisoma alijua baba wa mtu, mama yake, na cheo chake mbele za watu. Tazama nguzo iliyochongwa sura ya babu katika nyumba yetu ya ukoo: uso umejaa pande zote mbili. Lakini alama iliyo kwenye hati, kwa jinsi nilivyoelezwa kwa barua na karani mmoja, ina upungufu. Shavu la kushoto, kuanzia puani hadi kidevuni, ni tupu. Mtu wa cheo chake asingejichora nusu uso. Kwa hiyo aliyechora ni mtu mwingine, na hati ni batili.

Ninakuomba, kwa kuwa uko karibu na ofisi ya hati: kwanza, ukaitazame alama hiyo, pili, uinakili kwa karatasi nyembamba bila kuongeza wala kupunguza, tatu, ule kiapo cha maandishi kwamba wewe, mjukuu wake, huitambui.

Mama ameniagiza pia nikwambie kwamba fundi Kahotea atapita huku majira ya baridi na sindano zake, na kwamba sasa ni zamu yako kuchanjwa moko ya kidevu kama yake, kwa kuwa hana binti mwingine. Nimemjibu kwamba hilo lingoje hukumu. Alisema, "Mwombaji ni wewe. Mimi siombi." Ninakunukulia kama alivyosema.

Wako katika haki,
Paratene,
Mwombaji Mkuu katika Shauri la Orongomaru

*

Wellington, 9 Aprili 1934

Kaka Paratene,

Barua yako ilikuwa imekunjwa vizuri kiasi kwamba niliona haya kuifungua kwa mikono yenye sabuni. Mimi ni mzima. Pale dobini hospitalini wamepunguza wanawake watatu na mashuka ni yaleyale, kwa hiyo mgongo wangu ndio unaojua leo ni siku gani. Mvua ya mji huu bado hainyeshi kutoka juu. Inakuja kwa ubavu. Mpe mama sweta ninayoituma na barua hii, na chupa mbili za dawa ya kifua. Shangazi mpe salamu, na mbwa wote wawili.

Nilikwenda ofisini nikiwa nimevaa kofia. Karani, mzee mwenye mafua, aliniuliza, "Unajua kusoma, mama?" Nikamwambia, "Msomaji ni kaka yangu. Mimi nimekuja kutazama." Akaniletea hati, akaniwekea mezani, akasema nisiiguse. Niliitazama mpaka akaanza kukohoa kwa makusudi.

Alama ni ndogo kuliko nilivyodhani, upana wa vidole vinne. Wino umekuwa rangi ya chai. Shavu la kulia limejaa. La kushoto ni kama ulivyoelezwa.

Karatasi nyembamba sikuwa nayo siku ile. Nitarudi. Kuhusu kiapo, sijapata nafasi.

Nina swali dogo. Unapompelekea mama chai asubuhi, huwa unakaa upande gani wake?

Dada yako,
Ripeka

*

Te Puwhara, 30 Aprili 1934

Kwa mdogo wangu Ripeka.

Ninaanza kwa kukujulisha hali. Sweta imemtosha mama. Dawa ameimaliza kabla ya wakati wake. Mto ulipanda, ukashuka. Tumepata mikunga wengi katika mitego, nao wamekaushwa. Wana wa binamu zetu wamehamia kwenye ujenzi wa barabara, kwa hiyo siku za ibada tunaimba watu tisa.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Hukaa upande wake wa kulia, karibu na dirisha, kwa sababu ya mwanga wa kuandikia. Nimekaa hapo miaka yote. Sioni uhusiano wake na shauri.

Ninasikitika kusema kwamba barua yako haikunisaidia. Maneno "ni kama ulivyoelezwa" hayawezi kuwekwa mbele ya hakimu. Ninahitaji nakala na kiapo. Naomba uelewe kwamba shahidi mwingine sina. Mama ndiye pekee aliye hai aliyemwona Te Ahiwera kwa macho yake akiwa na akili ya kukumbuka, naye hataki kusema.

Nilijaribu. Nilimsomea ombi langu lote kwa sauti. Nilipofika aya ya nane, isemayo kwamba mkuu yule alikuwa na uso kamili usio na pengo, aliniomba nimgeuze aelekee ukutani. Alisema anasikia baridi. Shangazi Keita, aliyekuwa akimenya viazi, akasema, "Paratene, ukiishinda hiyo mahakama, waambie wakurudishie na nywele zako." Mama alicheka mpaka akakohoa. Sikuendelea na aya ya tisa.

Ninasubiri nakala na kiapo kwa posta ya kwanza.

Wako katika haki,
Paratene,
Mwombaji Mkuu katika Shauri la Orongomaru

*

Wellington, 17 Juni 1934

Kaka Paratene,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa mmefunga milango vizuri. Nimechelewa wiki saba, usinihesabie. Mafua yameingia wodini na mashuka yanashuka kwetu kwa malori. Unajua ninavyokuwa yanapokuja mafua. Wewe pia unajua unavyokuwa.

Nilirudi ofisini nikiwa na karatasi. Karani alinishikia ncha mbili, nami nikapitisha penseli. Nakala ninayo, ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Siitumi kwa posta.

Kiapo sijala. Naomba uahirishe shauri. Waandikie kwamba mama ni mgonjwa. Hutakuwa umesema uongo.

Na unijibu hili, hata kwa mstari mmoja: ukishinda, utakwenda kukaa Orongomaru? Wewe, na nani?

Mwambie mama nitakuja Kahotea atakapofika.

Ripeka

*

Te Puwhara, 2 Agosti 1934

Kwa mdogo wangu Ripeka.

Wiki mbili sasa zimepita tangu tumzike mama. Kwa kuwa ulikuwapo, sina habari za kukupa juu yake. Turubai la wageni tumelikunja. Vyombo tulivyoazima vimerudishwa, isipokuwa sufuria moja kubwa ambayo kila mtu anasema si yake. Watu wamesifu hotuba yangu. Mimi mwenyewe sikuisikia.

Ulikaa karibu naye siku zote tatu alipolazwa barazani, uso wazi, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilisimama nilipopaswa kusimama, nikaketi nilipopaswa kuketi. Siku ya pili walinihamishia benchi la kushoto, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa umejaa wageni kutoka mtoni juu. Nilikaa hapo hadi jeneza lilipofungwa. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Ninasikia kutoka kwa shangazi Keita kwamba baada ya maziko ulikwenda kwake, na kwamba fundi Kahotea alikuchanja kidevu sebuleni kwake kwa siku moja, nawe hukulia, na wanawake waliimba kutwa nzima. Niliarifiwa saa ya kuja. Nilikuwa nikirekebisha aya ya nane. Uliondoka kwa basi la asubuhi bila kuniaga, na shangazi hakunieleza mchoro ukoje. Sikumuuliza.

Ombi la kuahirisha sikuliandika. Shauri litasikilizwa tarehe 18 Septemba. Nimebaki mwombaji bila shahidi, kwa hiyo ninarudia kwa mara ya mwisho: nakala na kiapo, kabla ya mwezi kwisha.

Wako katika haki,
Paratene,
Mwombaji katika Shauri la Orongomaru

*

Wellington, 26 Agosti 1934

Kaka yangu,

Pole na kazi za nyumba tupu. Kidevu changu kimepona. Maganda yamekwisha kutoka. Msimamizi wa dobi alinitazama asubuhi nzima, halafu akauliza kama inaondoka kwa sabuni. Nikamjibu kwamba mimi ndiye ninayefua hapa, ningekwisha kujua. Wenzangu walicheka. Tangu hapo hajauliza kitu.

Nakala iko ndani ya bahasha hii. Kiapo hakimo, wala hakitakuja. Itandaze mezani, kisha usome.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, mama alikichukua kidole changu akakipitisha kidevuni mwake, upande wa kushoto, pale mistari inapokatika ghafla. Sote tulidhani patasi iliteleza. Shangazi Keita alikuwa akimtania kwamba fundi alisinzia. Mama aliniambia, "Hakusinzia. Nilimwambia aache hapo. Baba yangu hakumalizwa upande huu, na mimi siwezi kumzidi."

Te Ahiwera alichanjwa upande wa kulia kwanza. Siku zote zile hakugusa chakula kwa mkono. Alilishwa kwa faneli ya mbao, uso umevimba. Upande wa kushoto ulipoanza tu, fundi wake aliuawa vitani. Waliletwa mafundi wengine wawili. Aliwarudisha na mikeka yao, akasema mkono mwingine hautaingia katika kazi ya yule. Akaishi hivyo miaka thelathini na kitu, akatawala hivyo, akajichora hivyo. Aliyechonga nguzo alimjazia baada ya kufa, kwa heshima.

Kwa hiyo alama ni yake. Mama alikuwapo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyeshika chupa ya wino.

Unataka kujua kwa nini aliuza. Surua ilikuwa imechukua watoto wake wanne kwa wiki moja. Aliwazika Orongomaru, akapawekea mwiko, akawashusha watu wote hadi hapa mtoni. Tangu siku ile hakutazama tena upande ule. Hata barazani aliketi akiwa amepageuzia mgongo. Walipokuja na karatasi hawakumlazimisha wala hawakumdanganya. Alichora akarudi kulala. Hivyo ndivyo mama alivyoniambia, na nilipomuuliza mbona hakukwambia wewe, alisema, "Mwache aandike. Akiandika, walau ataamka asubuhi."

Ombi lako la kwanza lina tarehe ya Februari 1919. Pirihira na Tiaki tuliwazika Novemba, miezi mitatu kabla yake. Mafua yalichukua watu ishirini na watatu hapo kwetu, nao wakatiwa katika shimo moja ng'ambo ya mto, bila kibao. Hujawahi kuandika jina la mkeo wala la mwanao katika barua yoyote uliyoniletea tangu siku ile. Nami sijawahi kukuuliza. Hilo ni kosa langu.

Kahotea alipomaliza kuchanganya masizi yake aliniambia, "Nimemtazama mama yako barazani. Nikufuate alivyo, au nikumalizie?" Nilisema anifuate alivyo. Sasa nikisimama mbele ya hakimu yeyote, jibu liko usoni. Sitakuja mahakamani isipokuwa ukiniita, na sitamwandikia mtu mwingine haya. Nakala unayo wewe. Ukitaka, itie motoni, uisome aya yako ya nane kama ilivyo. Hakuna aliyebaki wa kukupinga.

Dada yako,
Ripeka

*

Te Puwhara, 23 Septemba 1934

Kwa dada yangu Ripeka.

Ninakusalimu. Mwezi huu baridi imepungua, na maua ya njano yameanza kando ya mto. Sufuria imepata mwenyewe. Mbwa wa shangazi amezaa, kumbe ni jike, jina hajalibadilisha.

Ninakueleza yaliyotokea tarehe 18, kwa utaratibu.

Mahakama ilikaa katika ukumbi wa shule. Walikuwapo hakimu, karani wake, wakili wa mwenye kondoo anayeimiliki Orongomaru sasa, na watu wetu wapatao hamsini. Nilivaa suti. Ombi lilikuwa mkononi, kurasa arobaini; nakala yako ilikuwa mfukoni. Sikuitia motoni. Nilikuwa nimeitandaza mezani siku kumi na moja na kula chakula changu pembeni yake.

Hakimu alisoma aya ya nane kwa sauti. Alisoma vizuri, alifuata vituo vyangu vyote. Kisha akasema, "Bwana mwombaji, hati yenyewe hii hapa. Uitazame, uiambie Mahakama: je, alama hii si ya babu yako?"

Niliitazama. Hapo ndipo ilinibidi nitumie maneno niliyoyatayarisha, na niliyakumbuka yote. Shangazi Keita alisema kutoka nyuma, "Sema, mwanangu, wengine tumeacha mkate motoni." Karani akagonga meza.

Nilisema, "Ni yake."

Hakimu akaniuliza kama nimeelewa swali. Nikasema nimelielewa. Akauliza kwa nini basi niliandika kinyume chake kwa miaka kumi na mitano. Nilisema kwamba nilikuwa nikifuata nguzo. Akauliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa na kurasa arobaini. Nikasema sina.

Shauri lilifutwa kabla ya saa ya chai. Wakili wa yule bwana alinipa mkono. Hapana mtu wetu aliyenilaumu kwa maneno. Walitoka mmoja mmoja wakavaa makoti. Shangazi alinipa nusu ya mkate wake ulioungua. Ulinitarajia labda nihuzunike, au nipumue. Sikupata hata kimoja. Nilikula mkate.

Nilikwenda kuitazama nguzo. Nyumba ya ukoo ilipofunguliwa rasmi nilikuwa na miaka sita, na ninakumbuka wazee wakimuuliza mama kama nguzo imefanana na baba yake. Alisema, "Huyo ni mzuri kuliko baba." Wote walicheka, wakadhani anatania. Nilicheka pia. Nimeishi miaka arobaini na mitatu nikiutegemea ule uso, na miaka yote hiyo mama alikuwa upande wangu wa kushoto.

Siku ya pili ya msiba, kwenye lile benchi, niliona kwamba mistari ya mama ilikatika upande uleule ulio tupu kwenye hati. Nilikuandikia kwamba sina la kuongeza. Nililificha. Sasa nimeliandika.

Uliniuliza mwezi wa Juni kama ningeshinda ningekwenda kukaa kule, na nani. Hilo sikulijibu. Jibu ni kwamba sikuwahi kuwaza kufika. Niliwaza aya inayofuata.

Alhamisi nilichukua kalamu baada ya chai, kwa mazoea, na hapakuwa na ofisi ya kuiandikia. Nilikaa hadi wino ukakauka kwenye nibu. Kisha nilitwaa ubao wa mti wa totara uliobaki kwenye ujenzi wa ghala, nikaupiga randa, nikachora mistari ya penseli ili herufi zisipande wala kushuka. Niliandika majina mawili. Nilitumia rangi nyeusi. Nilivuka mto nao Ijumaa, nikausimamisha mahali ninapodhani ndipo, kwa sababu hakuna ajuaye hasa. Wengine ishirini na mmoja hawana kibao bado. Shangazi anakumbuka majina yao, nami nimeanza kuyaorodhesha.

Mwandiko ni mzuri. Ukija utaona. Njoo wakati wa kupanda viazi, ukae upande wa dirisha, nikutazame kidevu.

Pirihira ana mstari wa juu. Tiaki nimemweka chini yake, na umri wake, miaka saba.

Kaka yako,
Paratene